Maganda ya juisi kwa kondoo: nilishe kiasi gani, na lipi nisiguse?

"Shikamoo daktari. Ninaishi Kibaha, nilikuwa na kondoo 14: majike tisa, dume mmoja na wana wanne. Zamani walikuwa wanachungwa kwenye viwanja vya jirani, sasa vyote vimejengwa. Vijana wa juisi pale stendi wananipa maganda, magunia mawili kila siku: nanasi, embe, tikiti, machungwa, ndizi, parachichi, yote yamechanganyika. Namwaga uani asubuhi, wanakula mpaka wanaacha wenyewe, na kweli wananenepa. Wiki iliyopita mwana mmoja, tena ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake, tulimkuta asubuhi amekufa, tumbo limevimba. Jirani alitaka tumpasue tuone, nikakataa, tukamfukia. Mzee mmoja ananiambia ni asidi ya nanasi na machungwa, niwe naloweka maganda kwenye maji ya chumvi ili asidi na dawa za shambani zitoke. Mwingine anasema kondoo ana tumbo gumu, hakuna tunda la kumdhuru. Je, naweza kuacha majani kabisa nikalisha maganda peke yake? Kama haiwezekani, nitoe kiasi gani? Yanayobaki nayahifadhi vipi? Na hao vijana sasa wameanza kudai elfu moja kwa gunia."

Marahaba dada, na pole kwa mwanakondoo. Jibu fupi kwanza, ili usisubiri mpaka mwisho. Maganda ya matunda ni chakula halali cha kondoo, na mimi ni katika wanaoona uchungu yakitupwa dampo. Lakini si chakula cha peke yake, si maganda yote, na kwa kondoo ulionao si magunia mawili wala moja. Kondoo wako wakubwa kumi hawapaswi kupata zaidi ya kilo 20 za maganda mabichi kwa siku kwa jumla, yaani chini ya nusu gunia, na hapo wawe wameshapata majani makavu kwanza. Parachichi litoke leo hii, lisisubiri kesho.

Sasa tuje kwenye asidi, maana hapo yule mzee amegusa jambo la kweli kwa upande usio wenyewe. Uchachu wa nanasi na chungwa hauui kondoo. Asidi zilizomo ndani ya matunda huliwa haraka na bakteria wa tumboni, wala hazifiki mbali. Kinachotengeneza asidi ya hatari ni sukari. Kwa hiyo ganda la embe lililoiva, lile tamu ambalo bado lina nyama yake, ni la kuogopwa kuliko ganda la ndimu.

Kondoo, kama ng'ombe na mbuzi, hameng'enyi chakula mwenyewe mwanzoni. Anakipeleka kwenye tumbo la kwanza, rumeni, na humo wamo bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika wanaokichachusha. Anachoishi nacho kondoo ni mazao ya hao vijidudu, na baadaye miili yao yenyewe. Wapo wanaovunja nyasi na mabua. Hao hufanya kazi polepole na hutaka mahali pasipo na asidi nyingi, kipimo cha pH kiwe kati ya 6 na 7 (kipimo hiki kikishuka, ndipo asidi inapozidi). Wapo wengine wanaopenda sukari na wanga. Hao huongezeka kwa kasi ya ajabu wakipata chakula chao. Sukari tumboni ni moto wa makuti, mabua ni gogo. Kondoo aliyezoea gogo ukimrundikia makuti kwa mara moja, wale vijidudu wa sukari wanafurika, wanatoa asidi ya laktiki kuliko uwezo wa mwili kuiondoa, na pH ikishuka chini ya 5.5 vijidudu wa nyasi wanaanza kufa. Tumbo linasimama. Maji ya mwilini yanavutwa kuingia tumboni, ukuta wa tumbo unaungua, asidi inaingia kwenye damu. Kondoo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawalioni. Kondoo ana dawa yake mwenyewe ya asidi, nayo ni mate. Humeza lita kadhaa za mate kwa siku, na mate hayo yana baikaboneti inayopooza asidi. Lakini mate hutoka kwa wingi pale tu anapotafuna na kucheua kitu kigumu chenye nyuzinyuzi. Ganda la tikiti au la embe halimlazimishi kucheua. Linateleza, linashuka, kazi imekwisha. Ndiyo maana kondoo anayekula maganda matupu anapigwa mara mbili: sukari nyingi, mate kidogo. Uchunguze utaona. Saa moja au mbili baada ya kula, wakiwa wamelala kivulini, zaidi ya nusu yao wawe wanacheua. Ukiona wamelala wamekodoa macho tu na taya zimetulia, mlo wako una kasoro hata kama hakuna aliyeugua bado.

Kuhusu mwana aliyekufa, nitakuwa mkweli kwako: tumbo lililovimba asubuhi halithibitishi chochote. Kila mnyama anayecheua akifa huvimba, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinaendelea kutoa gesi wakati yeye hawezi tena kuitoa. Kwa joto la Pwani, saa chache zinatosha. Anaweza kuwa alikufa kwa asidi, kwa kukabwa na kokwa, au kwa gesi. Lakini maelezo yako kwamba ndiye aliyekuwa mkubwa na mnene kuliko wenzake yananifanya nifikirie pia ugonjwa wa sumu ya utumbo, unaoletwa na bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Bakteria huyu huishi kwenye utumbo wa kondoo wazima bila kelele. Chakula kitamu kikipita kwa wingi na kufika chini kabla hakijamaliza kuchachushwa, anazaliana na kutoa sumu, na mnyama anakufa kwa saa chache bila hata kuonekana mgonjwa. Huwapata zaidi wana wanaokua vizuri, wanaonyonya sana na kuwashinda wenzao kwenye hori. Ugonjwa huu una chanjo. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako kama inapatikana kwa sasa.

Na ulifanya vema kukataa kumpasua. Mnyama akifa ghafla bila kuugua, hasa ukiona damu isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au njia ya haja, inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Usimchune, usimpasue, usimgawie mtu nyama. Mfunike, zuia mbwa, ita afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye ataamua kama azikwe hivyo hivyo au achukuliwe sampuli. Ninyi wa Kibaha mko jirani na Taasisi ya Chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kwa hiyo hata ushauri wa chanjo hauhitaji safari ndefu.

Swali lako kubwa ni kama unaweza kuacha majani kabisa. Hapana, na si kwa sababu ya asidi peke yake. Tufanye hesabu. Kondoo wa kilo 30, ambao ndio wengi wetu tunao, anahitaji takriban kilo moja ya chakula kwa siku ukitoa maji yote. Huo ndio tunaouita uzito mkavu. Maganda ya nanasi, ndizi na mengi ya aina hiyo, kwa wastani, yana gramu 150 tu za uzito mkavu katika kilo moja. Tikiti lina chini ya hapo, embe na chungwa zaidi kidogo. Ili apate kilo moja kavu, angelazimika kula kilo sita au saba za maganda. Tumbo litajaa maji kabla hajashiba lishe. Na hata angeweza, maganda mengi yana protini ya asilimia 5 hivi ya uzito mkavu, wakati kondoo aliyekaa tu bila mimba wala mtoto anahitaji kama asilimia 8, jike anayenyonyesha 13 au zaidi, na mwana anayekua karibu 15. Kwa hiyo unene unaouona ni mafuta, na pengine maji. Nyama na maziwa haviji kwa sukari. Uangalie wana wako kwa miezi miwili utaona wana matumbo makubwa na mapaja membamba.

Kipimo ninachokupa ni thuluthi moja: maganda yasizidi thuluthi ya uzito mkavu wa mlo wa siku. Kwa kondoo mkubwa hiyo ni kama kilo mbili za maganda mabichi, zikigawanywa asubuhi na mchana. Usianze na kilo mbili. Simamisha maganda kwa siku tatu wapumzike kwa majani makavu, kisha anza na konzi moja moja, gramu 200 hivi kwa kila kondoo, ongeza polepole ufike kilo mbili baada ya wiki tatu. Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda huo kujipanga upya. Jambo hili watu wengi hulidharau: msimu wa embe ukianza Novemba wanamwaga tenga zima siku ya kwanza. Hata kondoo aliyewahi kula maganda mwaka jana, akiyakosa kwa miezi, huanza upya kama mgeni.

Utaratibu wa siku uwe hivi. Asubuhi toa kwanza majani makavu au mabua: hei kama unapata, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani ya mpunga. Baada ya saa moja hivi, ndipo maganda. Yaweke kwenye hori au nusu pipa lililopasuliwa, usimwage chini. Ukimwaga uani wanakula na mchanga na kinyesi, kwa hiyo na mayai ya minyoo, na wale wenye nguvu wanakula sehemu ya wanyonge. Hori liwe refu kiasi kwamba wote wanapata nafasi kwa wakati mmoja, maana kondoo mmoja akila kilo sita na mwingine asipate kitu, wastani wako wa kilo mbili hauna maana. Wana walio chini ya miezi mitatu watengwe wakati huo. Tumbo lao la kwanza bado changa. Wape maziwa ya mama, majani laini na pumba kidogo.

Protini itafute kwenye miti na mabaki mengine. Majani ya viazi vitamu ni mazuri mno na kondoo wanayapenda. Majani ya lukina na glirisidia unaweza kupanda kwenye ua badala ya miti ya urembo; lukina isizidi thuluthi ya mlo kwa kuwa ina kemikali ya mimosini inayonyonyoa manyoya ikizidi, na glirisidia iache inyauke kidogo ndipo waikubali harufu. Mabaki ya karanga baada ya kuvuna, mlonge, na mashudu ya alizeti kama mfuko unaruhusu: gramu 100 hadi 150 kwa jike anayenyonyesha zinaleta tofauti unayoiona kwa macho. Pumba za mahindi nazo zina urafiki mzuri na maganda ya machungwa: pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ganda la chungwa ni kinyume chake. Madume wanaolishwa pumba nyingi bila kalsiamu hupata mawe kwenye njia ya mkojo, kwa hiyo mchanganyiko huo si wa bahati tu.

Jiwe la chumvi liwepo, na maji safi yawepo hata kama maganda yana maji. Ila angalia hapa: usinunue madini wala chakula kilichoandikwa ni cha kuku, nguruwe au ng'ombe. Kondoo ndiye mnyama dhaifu kuliko wote wa nyumbani mbele ya shaba. Kiwango kinachomfaa ng'ombe kinajikusanya kwenye ini la kondoo kwa wiki na miezi, halafu siku moja kinafumuka kwenye damu: mkojo mwekundu, macho ya njano, kifo. Mbolea ya kuku ambayo wengine wanalisha mifugo ina hatari hiyo hiyo.

Sasa tuchambue gunia lako.

Nanasi ni zuri. Kata taji la majani yenye miiba, katakata ganda vipande vya vidole viwili. Tikiti halina shida, lakini ni maji zaidi ya chakula. Litumie kama kiburudisho siku za jua. Fenesi, kama utalipata, maganda yake na nyuzi zake ni kati ya bora kabisa; toa utomvu unaonata kadiri unavyoweza. Ndizi zilizoiva ni nzuri kwa kiasi. Ganda bichi la ndizi lina tanini nyingi zinazokaza kinywa na kuzuia protini isitumike, kwa hiyo liwe kidogo. Papai lililoiva halina neno. Maganda ya pesheni machanga, yaliyo mabichi, yaache, yana sianidi.

Embe ni tamu mno na ndiyo yenye kuleta asidi haraka kuliko yote kwenye gunia lako. Ndani ya zile kilo mbili, embe isizidi nusu. Kokwa zitoke zote. Kokwa ya embe huteleza ikakwama kooni, na kondoo aliyekabwa hawezi kutoa gesi.

Chungwa lina hadithi yake. Nchi zinazokamua machungwa kwa wingi, Brazili ikiwa mbele, hukausha maganda na kuyauza duniani kama chakula cha ng'ombe na kondoo, kwa sababu ile sehemu nyeupe ina pektini, nguvu inayochachuka haraka lakini bila kutoa asidi ya laktiki kwa wingi kama sukari na wanga. Mwaka 1998 Ulaya iligundua sumu ya dioksini kwenye maganda makavu kutoka Brazili, na chanzo kikawa chokaa chafu iliyochanganywa wakati wa kukausha; maganda yenyewe hayakuwa na kosa. Kwa hiyo chungwa linafaa. Lakini uulize linatoka kwa nani. Muuza machungwa wa mkokoteni, yule anayemenya kwa kisu kikali akaacha weupe, anakupa ngozi ya nje tu, iliyojaa mafuta yenye harufu kali. Kondoo wataikataa, na wana haki. Maganda ya mkamuaji wa juisi, nusu duara zenye weupe na nyama zake, ndiyo chakula. Wape siku kadhaa kuzoea harufu, changanya na pumba kidogo.

Parachichi: ganda, kokwa na majani vina kitu kiitwacho persini. Kwa kondoo, mbuzi, sungura, farasi na ndege kinaharibu misuli ya moyo na tezi za maziwa. Jike anayenyonyesha anaweza kuvimba kiwele, maziwa yakapungua ghafla au yakaganda, ukadhani ni ugonjwa wa kiwele wa kawaida ukampiga sindano za bure. Akila kwa wingi, shingo na kifua vinavimba, anahema kwa shida, na anakufa. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hiyo. Watakuja watu kukwambia wanalisha miaka yote na hakuna kilichotokea. Inawezekana ni kweli, kwa sababu aina za parachichi hazilingani kwa sumu na majani yana nyingi kuliko ganda. Lakini wewe hujui aina iliyokatwa na kijana wa stendi leo asubuhi, na unachookoa ni konzi mbili za ganda. Waambie waweke ndoo ya pembeni ya parachichi, iende kwenye shimo la mboji. Kama chochote kingine kimechanganyika nalo mpaka limepondeka pamoja, tupa vyote.

Na ukichambua, chambua na vitu visivyo matunda: mirija, vijiti vya kuchokolea, mipira ya kufungia, vipande vya nailoni. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za vifungashio zipo kila kibanda. Plastiki haimeng'enywi wala haitoki. Inajikunja tumboni mwezi baada ya mwezi mpaka kondoo anakonda huku tumbo limejaa. Ni mauti ya polepole na hakuna anayeihusisha na maganda.

Chumvi sasa. Kuloweka kwenye maji ya chumvi hakuondoi asidi yenye maana, na dawa za shambani nyingi hazitoki kwa chumvi. Zile zilizoingia ndani ya ganda hazitoki kwa maji yoyote. Unachopata ni sukari na madini kuyeyukia kwenye ndoo, na kondoo mwenye kiu. Suuza kwa maji safi mengi kuondoa vumbi na dawa ya juu juu, inatosha. Kinga halisi ya dawa ni kile kipimo cha thuluthi, na kuchanganya matunda ya vyanzo mbalimbali. Kama unapata maganda mengi ya tunda moja kutoka kwa mtu mmoja, uliza lilikotoka na kama lilipuliziwa dawa ya ukungu yenye shaba, kwa ile sababu niliyoitaja.

Kuhusu kuhifadhi, jua kwamba maganda yaliyofungwa kwenye gunia tangu asubuhi, ifikapo jioni ya Pwani yameanza kupata joto na kunuka pombe. Usilishe. Yenye ukungu wa kijani, mweupe au mweusi usilishe, na usidhani kukata sehemu iliyooza kunatosha. Sumu ya ukungu huenea kuliko unavyouona. Mabichi yaliwe ndani ya saa chache tangu kumenywa.

Njia rahisi ni kukausha. Katakata vipande vyembamba, tandaza kwenye chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi, safu isizidi unene wa vidole viwili, geuza mara tatu kwa siku. Kwa jua zuri siku tatu au nne zinatosha: ukikunja ganda livunjike, lisipinde. Kilo sita au saba za mabichi zitakupa kilo moja. Maganda makavu ndiyo ninayopendekeza kwa majike wenye mimba ya mwezi wa mwisho, kwa kuwa tumbo lao halina nafasi ya kubeba maji. Msimu wa mvua usijaribu, utavuna ukungu.

Njia ya pili ni sileji, yaani kuyachachusha mahali pasipo na hewa, na kwa anayepata maganda mengi ni nzuri, ila haisamehe uvivu. Maganda peke yake yana maji mno, yatageuka uji unaonuka. Changanya kilo 80 za maganda yaliyokatwakatwa na kilo 20 za mabua makavu yaliyokatwa vipande vya kidole. Hapo unapata uzito mkavu wa asilimia 30 hivi, unaofaa. Huhitaji molasi, sukari ipo. Jaza kwenye pipa safi safu kwa safu, kanyaga kila safu mpaka hewa itoke, funika kwa nailoni nzito, weka mawe juu, acha wiki tatu au zaidi. Ikifunguliwa inanukia uchachu safi kama wa mtindi. Chukua safu ya juu kila siku, funika upya. Ikinuka kuoza, au ina udongo, au ukungu umeshuka ndani, itupe yote, hata kama inauma. Kondoo wana udhaifu wa pekee kwa bakteria wa listeria anayekaa kwenye sileji mbaya: mnyama anazunguka upande mmoja, sikio moja limelegea, mate yanatiririka, au majike wanatupa mimba. Watu nao huambukizwa, na mama mjamzito asiguse kabisa mimba iliyotoka.

Kwa kundi lako la sasa, mimi ningechukua mabichi ya siku, nikausha kidogo wakati wa jua, na kuacha sileji mpaka uongeze kondoo. Si kila ganda lazima lipite tumboni mwa kondoo. Migomba na shimo la mboji pia vinakula.

Nikupe na dalili za kukimbilia msaada. Kondoo aliyejitenga, hacheui, anasaga meno, anaharisha uharo wa maji wenye harufu ya uchachu, anayumba, au ubavu wake wa kushoto umejaa, ondoa maganda mara moja, mpe majani makavu na maji. Kama bado anasimama na anameza vizuri, koroga vijiko vitatu vya chai vya baikaboneti ya soda, ile soda ya kuokea keki, kwenye nusu lita ya maji umnyweshe taratibu. Hicho ni kipimo cha mkubwa wa kilo 30. Usitumie hamira wala magadi mahali pake. Kichwa chake usikiinue juu sana, maji yasije yakaingia mapafuni, na usimnyweshe aliyelala asiyeweza kumeza. Hiyo ni huduma ya njiani tu: mpigie daktari wa mifugo wakati huohuo, usisubiri uone kama soda itafanya kazi. Anayetokwa mate kwa wingi, amenyoosha shingo na ubavu unajaa haraka huenda amekabwa; usichokonoe koo kwa fimbo, huyo ni wa daktari ndani ya saa, si kesho. Vifo viwili ndani ya mwezi mmoja vinatosha kuita mtu aje zizini kuona kundi zima. Na hata bila vifo, mwite afisa mifugo mara moja aangalie minyoo, kwani kondoo waliofungiwa uani pamoja na kinyesi chao huwa nayo, na utailaumu lishe bure.

Limebaki la elfu moja. Gunia la kilo 50 lina uzito mkavu wa kilo saba na nusu. Kilo arobaini na zaidi ni maji unayoyalipia guta. Kwa uzito mkavu hizo ni sawa na pumba kilo nane na nusu hivi, lakini protini yake ni kama nusu ya pumba, na kazi ya kuchambua ni yako. Kwa hiyo bei ya haki, nauli ikiwa ndani, isizidi nusu ya bei ya pumba kilo nane sokoni kwenu. Kama elfu moja pamoja na guta inapita hapo, waachie. Kama iko chini, kubali kwa masharti: chini ya nusu gunia kwa siku, limemenywa asubuhi hiyo, bila parachichi, bila kokwa, bila mirija. Vijana wakiona unalipia lililochambuliwa na kukataa lililochanganywa, wataanza kuchambua wenyewe ndani ya wiki.